Miezi mitatu ya mkate na soda: je, mtoto wangu atapata kisukari?

*"Nina mimba ya wiki 19, ni ya kwanza. Miezi mitatu ya mwanzo nilitapika sana, na kilichokubali kukaa tumboni kilikuwa mkate mkavu, biskuti na soda. Kabla ya mimba nilikuwa na kilo 68, nikashuka hadi 66, sasa nimefika 69. Urefu wangu ni sentimita 160. Mama yangu na dada yangu wana kisukari. Nimesoma kwamba anachokula mjamzito ndicho kinachoamua kama mtoto atakuwa mnene au mgonjwa wa kisukari ukubwani, na tangu hapo silali. Mama mkwe anasema nile kwa watu wawili. Rafiki yangu anasema nipunguze chakula ili mtoto awe mdogo nijifungue kwa urahisi. Mkojo wangu ulipimwa, hauna sukari. Je, nimeshamharibu mtoto? Na kuanzia sasa nile nini hasa?"*

Pole kwa wiki zile za kutapika, na pole zaidi kwa usingizi uliopotea. Swali lako la kwanza nalijibu moja kwa moja: hapana, hujamharibu mtoto. Mimba ikiwa na wiki 12, mtoto ana uzito wa gramu 14 hivi, kama kijiko kimoja kikubwa cha maji. Wiki ya 20 anakaribia gramu 300, na akitimiza miezi yake huzaliwa na kilo 3 na ushei. Kwa hiyo zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za mwili wake bado hazijajengwa. Kalori anazohitaji mtoto katika miezi mitatu ya kwanza ni chache mno, na akiba ya mwili wako ilizimudu. Kilo 2 ulizopoteza ni kama asilimia 3 ya uzito wako wa awali. Tunaanza kuhofia mama anapopoteza zaidi ya asilimia 5, na wewe umeshazirudisha.

Ulichosoma kina ukweli ndani yake, ila hilo neno "kuamua" limezidi kipimo. Lishe ya mjamzito husogeza uwezekano wa mtoto kupata kisukari, unene au presha akiwa mtu mzima. Haiandiki hukumu. Ukishaelewa namna inavyousogeza, utaona pia ni wapi penye nguvu yako na ni wapi unajisumbua bure.

Anza na jambo hili: mtoto haioni sahani yako, anachokipata ni kilichomo kwenye damu yako. Kondo la nyuma hupitisha glukosi, yaani sukari ya damu, kwa urahisi. Sukari yako ikipanda, yake nayo inapanda. Insulini yako, ambayo ndiyo ingeishusha, haivuki kwenda kwake. Basi kongosho lake, ambalo huwa limeanza kutoa insulini kabla mimba haijafika katikati, linalazimika kuibeba kazi hiyo peke yake. Na insulini kwa mtoto aliye tumboni si kishusha sukari tu. Ni homoni ya kukuza na ya kuweka mafuta. Ndiyo maana watoto wa akina mama wenye sukari ya juu isiyotibiwa huzaliwa wakubwa, wakiwa na mafuta mengi mabegani na tumboni, na saa chache baada ya kuzaliwa sukari yao huweza kuanguka ghafla: kitovu kimekatwa, sukari ya mama imekoma kuja, lakini kongosho bado linamwaga insulini kama lilivyozoea. Maelezo haya yalitolewa na daktari wa Denmark, Jørgen Pedersen, katikati ya karne iliyopita, na mpaka leo yamesimama.

Upande wa pili ni njaa. Chakula kikipungua kweli na kwa muda mrefu, mtoto hubana matumizi. Ubongo hupewa kwanza, na kinachopunjwa ni misuli, ini, kongosho na figo. Vichujio vya figo vinamaliza kutengenezwa karibu na wiki ya 36, na baada ya hapo haviongezeki maisha yote. Mtoto aliyeanza na vichujio vichache na seli chache za kutoa insulini anaweza kuishi vizuri kabisa, mradi maisha yake yasije yakawa ya chakula cha kupindukia. Tatizo linakuja mwili uliojiandaa kwa uhaba unapokutana na wingi. Waingereza Nicholas Hales na David Barker walilieleza wazo hili mwaka 1992, baada ya kuwapima wanaume wa Hertfordshire waliokuwa na rekodi za uzito wa kuzaliwa: waliozaliwa wepesi ndio waliokuwa na kisukari zaidi walipofika miaka ya sitini.

Kwa hiyo mama mkwe na rafiki yako, kila mmoja kwa nia njema, wanakuvuta kuelekea kingo mbili za shimo lilelile. Sukari nyingi kwenye damu ya mama na uhaba wa chakula, vyote viwili, huongeza uwezekano wa kisukari kwa mtoto. Kuhusu kujinyima ili mtoto awe mdogo, nakusihi usifanye. Mtoto aliyedumaa tumboni huvumilia uchungu wa kuzaa vibaya kuliko mwenye uzito wa kawaida, kwa kuwa hana akiba.

Huenda ulichosoma kilitaja njaa ya Uholanzi, kwa sababu hutajwa karibu kila mahali. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 hadi 1945, wakati wa vita, watu wa magharibi ya nchi hiyo walipewa mgao uliofika chini ya kalori 1,000 kwa siku kwa miezi kadhaa. Watoto waliokuwa tumboni wakati huo walifuatiliwa hadi uzeeni. Karibu na umri wa miaka 50, miili yao ilishindwa kudhibiti sukari kuliko ya wenzao, na waliokumbwa na njaa mwanzoni mwa mimba walielekea zaidi kwenye unene, ingawa wengi wao walizaliwa na uzito wa kawaida. Hapo ndipo akina mama waliotapika miezi ya mwanzo hujitia hofu. Lakini linganisha: ile ilikuwa njaa ya miezi, ya mji mzima, pamoja na baridi na vita. Wiki kadhaa za kichefuchefu, ukiwa na akiba ya mwili na mkate unaoingia, si kitu kimoja na hicho.

Watafiti waliopima damu ya watu hao miaka 60 baadaye walikuta tofauti ndogo katika vibandiko vya kikemia vinavyokaa juu ya jeni. Vibandiko hivyo havibadilishi jeni yenyewe, vinabadilisha jinsi inavyosikika, kama mtu anayeongeza au kupunguza sauti ya redio. Malighafi ya kuvitengeneza hutoka kwenye chakula: foliki, vitamini B12, kolini na aina fulani za protini. Ni elimu yenye kuvutia, ila isikutie gharama. Hakuna kipimo cha vibandiko hivyo kinachoweza kukuambia mtoto wako atakuwaje, na akitokea mtu anayekuuzia, mwache.

Sasa urithi. Mama na dada wenye kisukari ni jambo la kulichukulia kwa uzito, lakini damu ya ukoo si yote. Miongoni mwa watu wa kabila la Pima, wenyeji wa asili wa Arizona, Marekani, ambao kisukari kimewaandama sana, watafiti waliwalinganisha ndugu wa tumbo moja: waliozaliwa kabla mama hajapata kisukari na waliozaliwa baada ya kukipata. Jeni zinatoka kwa wazazi walewale, ila waliokaa tumboni wakati mama ana kisukari ndio walioathirika zaidi. Ushahidi mwingine ulitolewa mwaka 2024 kutoka Uingereza, ambako sukari ilikuwa ya mgao hadi Septemba 1953. Mgao ulipoondolewa, ulaji wa sukari ulikaribia kuongezeka maradufu, kutoka gramu 40 hivi kwa siku hadi 80. Watu waliokuwa tumboni na katika utoto wa mwanzo wakati wa mgao walikuja kupata kisukari cha ukubwani kwa kiwango cha chini kwa takriban asilimia 35 kuliko waliotungwa mimba baadaye. Sehemu ya nafuu hiyo, kama theluthi, ilionekana hata kwa wale ambao mgao uliwakuta tumboni tu. Na gramu 40 si maisha ya kujitesa, ni kiasi tu.

Haya yote yananirudisha kwenye sentensi moja ya barua yako: "Mkojo wangu ulipimwa, hauna sukari." Kipimo hicho hakitoshi. Wakati wa mimba figo hubadilika, hivyo mwanamke mzima kabisa anaweza kuonyesha sukari kwenye mkojo, na mwenye kisukari cha mimba akaonyesha mkojo safi. Kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu nacho hudanganya, kwa sababu chembe nyekundu za damu hubadilishwa haraka zaidi mimba inapokua, majibu yakashuka kuliko hali ilivyo. Kipimo unachokihitaji ni cha kunywa glukosi. Kwa kawaida hufanywa wiki ya 24 hadi 28, lakini wewe una ndugu wawili wa karibu wenye kisukari, na uzito wako kabla ya mimba (kilo 68 gawanya kwa urefu wako wa mita 1.6 mara 1.6) unatoa 26.6, juu kidogo ya 25 inayoanzisha uzito uliozidi. Mtu mwenye sifa hizi alistahili kupimwa sukari ya damu tangu hudhurio la kwanza. Kwa hiyo usisubiri. Wiki hii omba upimwe sukari ukiwa hujala, ili kujua kama kuna kisukari kilichokuwepo kabla ya mimba, na hata kikitoka kizuri, rudi kwa kipimo kamili wiki ya 24 hadi 28. Kuna sababu ya kurudia: kuanzia katikati ya mimba kondo humwaga homoni zinazopunguza nguvu ya insulini, na kuelekea mwisho kongosho lako litatakiwa kutoa insulini mara mbili au zaidi ya kawaida. Anayeanguka huanguka hapo.

Siku ya kipimo hukai na njaa tu. Siku tatu kabla, kula kama kawaida yako, ukiwemo wanga. Watu wengi hujinyima sukari wiki nzima ili "wafaulu", na wengine huacha kabisa wali na mkate. Wa kwanza wanalificha tatizo lenyewe. Wa pili wanaweza kupata majibu mabaya ya uongo, kwa kuwa mwili uliokaa bila wanga hushindwa kuipokea glukosi nyingi ghafla. Usiku kaa bila kula kwa muda wa saa 8 hadi 12, maji yanaruhusiwa. Asubuhi utatolewa damu, utakunywa gramu 75 za glukosi kwenye maji ndani ya dakika 5, kisha utatolewa damu tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Kaa, usitembeetembee. Ukitapika katikati, kipimo kimeharibika na kirudiwe siku nyingine, na hilo uliseme mwenyewe. Kwa vigezo vinavyotumika sehemu nyingi, kisukari cha mimba kinathibitika ukifikia au kuvuka hata kimoja kati ya hivi: 5.1 ukiwa hujala, 10.0 baada ya saa moja, 8.5 baada ya saa mbili, kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Vigezo hivi vilitokana na utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2008, wa wanawake zaidi ya 23,000 katika nchi 9, ambao ulionyesha kwamba uzito wa mtoto na insulini yake hupanda hatua kwa hatua kadiri sukari ya mama inavyopanda.

Na ule nini? Katika miezi hii ya kati, nyongeza unayohitaji ni kama kalori 340 kwa siku juu ya ulaji wako wa kawaida, na miezi mitatu ya mwisho kama 450. Kalori 340 ni glasi moja ya maziwa, yai moja na ndizi moja. Basi. Huo ndio ukubwa halisi wa yule "mtu wa pili" anayemsema mama mkwe. Ikifika miezi ya mwisho, ongeza yai la pili na kipande cha mkate usiokobolewa.

Wanga usiuache. Lengo la chini kwa mjamzito ni gramu 175 kwa siku, kwa sababu mtoto anategemea glukosi, na mwili unaonyimwa wanga kabisa hutengeneza ketoni, yaani mabaki ya mafuta yanayochomwa badala ya sukari, ambazo nazo huvuka kondo. Kinachobadilika ni aina na mpangilio. Sahani iwe nusu mboga, robo wanga na robo maharage, samaki, nyama au mayai. Robo hiyo ya wanga ni kama kikombe kimoja cha wali ulioiva, chenye gramu 45 hivi. Anza na mboga na protini, malizia na wanga, maana sukari hupanda taratibu zaidi hivyo. Baada ya kula tembea dakika 10 hadi 15. Asubuhi ndiyo saa ngumu kuliko zote: homoni za alfajiri huifanya insulini kuwa dhaifu, hivyo mkate na chai tamu vinavyokupandisha sukari asubuhi huenda visingekupandisha kiasi hicho jioni. Weka mayai au maharage kwenye kifungua kinywa na upunguze mkate hapo.

Soda iache sasa, na hili sikulegezei. Chupa ya nusu lita ina gramu 50 hivi za sukari, zaidi ya mgao wa siku nzima niliokutajia, na inafika kwenye damu kwa dakika, bila nyuzi wala protini ya kuichelewesha. Juisi halisi ya matunda haina tofauti kubwa: glasi moja ina matunda matatu manne yaliyonyang'anywa nyuzi. Kula tunda, kunywa maji. Kichefuchefu kikirudi, jaribu milo midogo kila baada ya saa mbili au tatu, kitu kikavu kabla ya kuinuka kitandani, na unywe maji kati ya milo badala ya pamoja nayo.

Protini lenga gramu 70 hivi kwa siku. Si nyingi kama inavyosikika. Mayai mawili yana 12, glasi mbili za maziwa 16, kikombe cha maharage yaliyoiva 15, gramu 100 za samaki aliyeiva 20 na zaidi, na zinazobaki zimo kwenye nafaka. Mayai yana faida nyingine, yana kolini, moja ya zile malighafi za vibandiko. Vidonge vya kliniki, yaani madini chuma miligramu 30 hadi 60 na foliki mikrogramu 400, meza kila siku. Usivimeze na chai, kahawa, maziwa wala vidonge vya kalsiamu, ambavyo hulizuia chuma kufyonzwa. Acha angalau saa moja au mbili katikati. Tumia chumvi yenye iodini. Usijiongezee vidonge vingine vya vitamini kwa kudhani vingi ni bora, hasa vyenye vitamini A, na maini usiyafanye chakula cha kila mara, kwa sababu vitamini A ikizidi humdhuru mtoto. Pombe hapana kabisa.

Kwa uzito wako wa kuanzia, ongezeko linalopendekezwa kwa mimba nzima ni kilo 7 hadi 11.5. Umeongeza kilo 1. Ukienda kwa gramu 300 hivi kwa wiki, utafika kama kilo 7, na hapo pazuri. Usijaribu "kulipia" wiki za kutapika kwa kuongeza haraka. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, kwa mizani ileile.

Ikiwa kipimo kitaonyesha kisukari cha mimba, usikione kama adhabu. Wengi hukidhibiti kwa mpangilio huu huu wa chakula na kutembea, wakijipima kidoleni: chini ya 5.3 kabla ya kula, chini ya 7.8 saa moja baada ya kula. Wiki moja au mbili zikipita bila kufikia hapo, dawa huongezwa. Wanawake wengi huogopa sindano za insulini kwa ajili ya mtoto, kumbe ndiyo dawa isiyomfikia. Metformini ya vidonge ni rahisi kutumia, lakini yenyewe huvuka kondo, na baadhi ya tafiti zimeona watoto walioipitia wakiwa na uzito mkubwa kidogo miaka ya baadaye. Zote mbili zina nafasi yake, zungumza na daktari wako. Niwe mkweli hapa: faida ya tiba wakati wa kuzaliwa imethibitika vizuri. Katika jaribio moja la Australia la mwaka 2005, madhara makubwa kwa watoto yalishuka kutoka asilimia 4 hadi 1. Lakini watoto hao walipofuatiliwa wakiwa na miaka 4 na 5, hawakuwa wembamba kuliko wale ambao mama zao hawakupewa tiba hiyo. Tumbo la mama ni mwanzo tu wa hadithi ndefu.

Usisubiri siku ya kliniki ukitapika hadi maji hayakai kwa saa 24, mkojo ukiwa mchache na mweusi, uzito ukianza kushuka tena, kiu na kukojoa vikizidi ghafla, kichwa kikiuma sana huku macho yakiona vimulimuli au uso ukivimba, au mtoto akipunguza kucheza ukishazoea mchezo wake. Hayo ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Baada ya kujifungua, mnyonyeshe maziwa yako pekee miezi 6. Akizaliwa mdogo, usikimbilie kumnenepesha kwa uji wa sukari, kwa sababu mdogo anayenenepa kwa kasi ndiye mwenye hatari kubwa zaidi. Na kama utakuwa ulipata kisukari cha mimba, rudia kipimo cha kunywa glukosi wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, hata kama unajisikia mzima, kisha uendelee kupimwa sukari kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, na mapema zaidi kabla ya kutafuta mimba nyingine.